Kapteni na Wahudumu wa Ndege: Mwongozo Kamili wa Mamlaka na Heshima Kazini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya marubani wakuu, yaani makapteni, wahudumu wa ndege na vijana wanaojiandaa kuingia katika kazi hizo, hasa katika mashirika ya Afrika Mashariki, ambako heshima ya umri na heshima ya cheo hupanda ndege pamoja na wafanyakazi. Msimamo wake ni huu: mamlaka ya Kapteni hupimwa kwa kasi ambayo habari mbaya humfikia kutoka upande wa pili wa mlango wa chumba chake, na adabu yoyote inayochelewesha habari hiyo, hata kama nia yake ni njema, inamdhoofisha yule yule inayekusudia kumtukuza.

Hatua ya kwanza: fahamu mamlaka yanaanzia wapi na yanakomea wapi

Migongano mingi kati ya chumba cha marubani na sehemu ya abiria hutokana na watu kutojua sheria inasema nini, kila mmoja akitegemea alichosikia kwa waliomtangulia kazini. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, kinampa rubani mkuu uamuzi wa mwisho kuhusu ndege kwa muda wote anaoiongoza, na Kiambatisho cha 6 kinamwajibisha kwa usalama wa wafanyakazi, abiria na mizigo pindi milango inapofungwa. Mkataba wa Tokyo wa 1963, unaohusu makosa yanayotendwa ndani ya ndege, unaongeza kwamba anaweza kumdhibiti abiria anayehatarisha usalama, kumteremsha, au kumkabidhi kwa vyombo vya dola mahali ndege inapotua. Katika kazi hiyo anaweza kuwaamuru wahudumu wamsaidie, lakini abiria hawezi kuwaamuru; anaweza tu kuwaomba au kuwaruhusu.

Mkataba huohuo una sehemu ambayo wahudumu hawaisikii mara nyingi kama wanavyostahili. Unasema kwamba mfanyakazi yeyote wa ndege, na hata abiria, anaweza kuchukua hatua za kinga zinazofaa bila kusubiri idhini ya Kapteni, iwapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba hatua hiyo inahitajika papo hapo kwa usalama wa ndege au wa watu na mali vilivyomo. Kwa hiyo hata sheria inayomkweza Kapteni haikumfanya mhudumu kuwa mtu wa kungoja amri katika kila jambo.

Chini ya Kapteni yupo rubani msaidizi, kisha kiongozi wa wahudumu, kisha wahudumu wengine. Kapteni mwenye busara huitumia ngazi hiyo badala ya kuiruka: akitaka huduma ya chakula isitishwe, humwambia kiongozi wa wahudumu, hamwiti mhudumu wa jiko la nyuma na kumpa amri ambayo kiongozi wake hana habari nayo. Vivyo hivyo, mpangilio wa huduma ni kazi ya kiongozi wa wahudumu, na Kapteni hana sababu ya kuuingilia isipokuwa unapogusa usalama au muda wa safari.

Hatua ya pili: tumia vizuri dakika chache za kikao cha kabla ya safari

Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa, na hapa ndipo muda hupotea ovyo. Wafanyakazi wa ndege moja huenda hawajawahi kukutana kabla ya siku hiyo, na tangu milango ya vyumba vya marubani ilipoimarishwa na kufungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, huenda wasionane tena ana kwa ana hadi ndege itakapotua. Dakika hizo chache ndizo pekee ambazo mhudumu atamtazama Kapteni usoni na kuamua moyoni kama huyu ni mtu wa kupigiwa simu au ni mtu wa kuogopwa.

Tuanze na salamu, kwa kuwa kwetu salamu si jambo dogo. Nchini Tanzania si ajabu Kapteni wa miaka thelathini na kitu kumkuta kiongozi wa wahudumu aliyeanza kuruka wakati yeye akiwa shule ya msingi. Kapteni huyo na amwamkie shikamoo kama angemwamkia mtu mwingine yeyote wa umri huo. Shikamoo hiyo haimwondolei hata mstari mmoja katika ile minne iliyo begani mwake. Naye kiongozi wa wahudumu ataitikia marahaba, kisha atamwita Kapteni, wala hatamwita mwanangu mbele ya wenzao. Nairobi mambo huwa mepesi zaidi na watu huitana kwa majina, ila cheo cha Kapteni hakiachwi. Ugumu wa kweli uko upande wa pili, pale binti wa miaka ishirini na mitatu anapomwamkia shikamoo Kapteni anayelingana na baba yake, halafu saa mbili baadaye inampasa kumwambia kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Njia inayofaa ni Kapteni kusema waziwazi katika kikao kwamba kwenye suala la usalama watu waitane kwa cheo na nafasi, na waanze na jambo lenyewe bila utangulizi wa kuomba radhi.

Baada ya salamu, Kapteni ataje kwa ufupi muda wa safari, hali ya hewa, na dakika anazotarajia msukosuko wa hewa, ili kiongozi wa wahudumu apange huduma kwa kuzingatia hayo. Aeleze namna ya kuwasiliana na ya kuingia katika chumba cha marubani, ishara ya simu itakayomaanisha dharura, na jambo la kufanya iwapo rubani mmoja atazidiwa na ugonjwa angani. Hali ya mlango au kiti chenye hitilafu itajwe hapo hapo, isije ikagunduliwa abiria wakiwa wameketi.

Halafu kuna ile sentensi ambayo makapteni wengi huimaliza nayo hotuba yao, kwamba wahudumu wajisikie huru kuuliza chochote. Kwa maoni yangu sentensi hiyo haina uzito wowote, kwa sababu hata Kapteni mkali kuliko wote huisema. Mahali pake paingie ombi lenye sura: “Mkiona kitu chochote kinachovuja, kinachowaka au kinachotikisika isivyo kawaida, nipigieni, hata kama mnadhani ninakiona. Sioni mabawa vizuri kutoka nilipo. Nikijibu kwa mkato, haina maana kwamba nimekasirika, pigeni tena.” Mhudumu aliyesikia maneno hayo anajua anaombwa nini, na anajua pia kwamba amekwisha samehewa kabla hajasumbua.

Hatua ya tatu: sema unachokiona kabla ndege haijaondoka

Tarehe 10 Machi 1989, ndege aina ya Fokker F28 ya shirika la Air Ontario ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka mji wa Dryden nchini Kanada, ikiwa na theluji na barafu juu ya mabawa. Watu 24 kati ya 69 waliokuwamo walipoteza maisha. Mhudumu mmoja aliyenusurika alikuwa ameiona theluji ile kupitia dirishani, na miongoni mwa abiria walikuwamo marubani waliokuwa mapumzikoni ambao nao waliiona. Hakuna aliyekwenda kumwambia Kapteni. Tume iliyoongozwa na Jaji Virgil Moshansky, ambayo ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1992, ilichimba mambo mengi zaidi ya kosa la rubani, na moja kati ya hayo ni kwamba wahudumu walikuwa wamelelewa kazini katika mazoea ya kutohoji uamuzi wa marubani.

Dar es Salaam hakuna theluji, lakini mazoea hayo hayahitaji baridi ili yastawi. Mhudumu wa kwetu anaweza kuona mafuta yakitiririka chini ya bawa, kifuniko kilichoachwa wazi, au abiria aliyelewa kupita kiasi akisaidiwa kupanda ngazi, na akajiambia kwamba mafundi na marubani bila shaka wanajua. Kanuni ya kufuata hapa ni rahisi: usikadirie Kapteni anajua nini. Ukiwa na shaka, mweleze kiongozi wako. Kiongozi asipopatikana mara moja, piga simu mwenyewe. Ndege iliyosimama inaweza kusubiri dakika moja, na simu isiyo ya lazima haijawahi kumgharimu mtu zaidi ya dakika hiyo.

Hatua ya nne: heshimu kipindi cha ukimya, lakini usikigeuze kuwa kifungo

Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya Marekani iliweka kanuni inayokataza shughuli na mazungumzo yasiyo ya lazima katika chumba cha marubani wakati ndege inapotembea ardhini, inaporuka, inapotua, na kwa kawaida inapokuwa chini ya futi 10,000. Mashirika mengi duniani hufuata utaratibu wa namna hiyo. Katika kipindi hicho mhudumu hapaswi kumpigia Kapteni kuuliza kuhusu abiria wanaounganisha safari, wala kumpelekea kahawa.

Tatizo hujitokeza pale kanuni hii inapofundishwa kwa ukali kiasi kwamba mhudumu anaielewa kuwa marufuku ya kupiga simu kabisa. Moshi, moto, sauti ya mlipuko, mtetemo mpya, mlango unaovuma, abiria anayejaribu kufungua mlango: haya yote yanapita ukuta wa ukimya, hata magurudumu yakiwa yanaiacha ardhi. Kapteni aseme hivyo kwa mdomo wake katika kikao, kwa kuwa maandishi ya kitabu cha kazi hayampi mtu ujasiri wa kunyanyua simu.

Hatua ya tano: tengeneza ujumbe unaoweza kufanyiwa kazi

Rubani anayepokea simu ya dharura ana mikono na macho yaliyoshughulika, kwa hiyo ujumbe uliopinda unamgharimu muda ambao hana. Anza na wewe ni nani na uko wapi, kisha taja jambo, mahali lilipo, ukubwa wake, mlichokwisha kufanya, na lini utampigia tena. Kwa mfano: “Kapteni, hapa ni mlango wa pili kushoto. Moshi mweupe unatoka katika oveni ya jiko la nyuma, una harufu ya plastiki, moto hatuuoni. Tumezima umeme wa jiko, mwenzangu ameshika mtungi wa kuzimia moto. Nitapiga tena baada ya dakika moja.”

Hakuna “samahani kwa usumbufu” ndani yake, wala “nadhani labda”. Pia hakuna uchunguzi ambao si kazi ya mhudumu: hakusema kwamba nyaya zimeungua, amesema rangi na harufu ya moshi, na Kapteni ndiye atakayeamua hayo yana maana gani. Kuhusu lugha, kazi ya anga inaendeshwa kwa Kiingereza na wafanyakazi wetu huchanganya. Hakuna ubaya kueleza kwa Kiswahili iwapo pande zote mbili zinakifahamu vizuri, ila maneno ya amri yaliyomo katika kitabu cha kazi yabaki kama yalivyo, yasitafsiriwe papo kwa papo.

Hatua ya sita: jua la kufanya Kapteni asipokusikia, au aliposema kinyume cha ulichokiona

Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya British Midland aina ya Boeing 737-400 iliyokuwa ikitoka London Heathrow kwenda Belfast ilipata hitilafu katika injini ya kushoto. Marubani, kwa kuamini kwamba tatizo liko kulia, waliizima injini ya kulia iliyokuwa nzima, na kwa bahati mbaya mtetemo na moshi vikapungua, jambo lililowathibitishia kosa lao. Kapteni alimwita kiongozi wa wahudumu akamuuliza kama kulikuwa na moshi katika sehemu ya abiria, naye akakubali kwamba ulikuwapo. Kisha Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia imezimwa. Abiria kadhaa walishangaa, kwa kuwa moto walikuwa wameuona ukitoka injini ya kushoto, na baadhi ya wahudumu nao walikuwa wameona dalili hizo upande wa kushoto. Habari hiyo haikufika mbele. Ndege iliangukia kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth, na watu 47 kati ya 126 wakafa.

Tuyatazame mazungumzo yale mafupi kwa karibu, maana somo lote limo humo. Kapteni aliuliza swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana, akapata ndiyo. Kama angeuliza, “Mmeona nini huko nyuma, na upande gani?”, pengine kiongozi yule angerudi kuwauliza wenzake. Kwa hiyo Kapteni ajizoeze kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa neno moja, na mhudumu ajizoeze kujibu zaidi ya alichoulizwa pale anapokuwa na zaidi.

Pale mhudumu anapoona kwamba uamuzi unapingana na alichokishuhudia, apande ngazi bila kupandisha sauti. Kwanza aulize: “Kapteni, umesema injini ya kulia?” Jibu lisipomtoa shaka, ataje alichokiona kama taarifa: “Moto tumeuona kushoto, nimeuona mwenyewe kupitia dirisha la safu ya 18.” Kimya kikiendelea, aseme hatari kwa uwazi na kumwomba Kapteni jambo mahususi: “Kapteni, naomba uhakikishe injini ya kushoto kabla hatujashuka zaidi.” Akipuuzwa tena, amfikie rubani msaidizi, ambaye naye ana wajibu wake. Hapo kuna heshima kamili, kwa kuwa Kapteni amepewa nafasi ya kusahihisha mbele ya mtu mmoja tu, katika simu, bila kuaibishwa.

Msukosuko wa hewa unastahili aya moja katika hatua hii. Kapteni anapoagiza wahudumu waketi, waketi, hata troli ikiwa katikati ya njia. Wafunge breki na wakae kiti kilicho karibu. Lakini mhudumu aliye nyuma, ambako ndege hutikisika zaidi, anaweza kuhisi hatari kabla ya Kapteni, na ana haki ya kuketi na kumwarifu. Mwezi Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko mkali uliosababisha kifo cha abiria mmoja na majeruhi wengi, ikalazimika kutua Bangkok. Abiria asiyepata chai ataandika malalamiko, na malalamiko hujibiwa.

Hatua ya saba: katika dharura, pokea amri kwa kuirudia, na jua lini usiisubiri

Kapteni akimwita kiongozi wa wahudumu kwa dharura inayotoa muda wa kujiandaa, ampe mambo manne: tatizo ni nini, anakusudia kufanya nini, dakika ngapi zimebaki, na maelekezo yoyote ya pekee. Kiongozi ayarudie yote manne kwa sauti, kisha walinganishe saa. Kurudia si dalili ya kutomwamini mtu; ndivyo marubani wanavyofanya wenyewe na waongoza ndege.

Suala gumu ni kuwatoa abiria. Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia aina ya Lockheed TriStar ilirudi Riyadh ikiwa na moto, na ikatua salama. Wahudumu walikuwa wameuliza zaidi ya mara moja kama wawatoe abiria, lakini amri haikutoka. Ndege iliendelea kutembea hadi nje ya barabara ya kurukia, na baada ya kusimama injini zilinguruma kwa zaidi ya dakika tatu kabla ya kuzimwa. Watu wote 301 walikufa. Linganisha na Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ambako Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kushika moto. Mawasiliano ya ndani yaliharibika, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao wenyewe, wakachagua milango 3 kati ya 8 iliyokuwa salama, na mlango wa nyuma upande wa kushoto ukafunguliwa kwa uamuzi wa wahudumu waliokuwa huko baada ya kushindwa kukifikia chumba cha marubani. Watu wote 379 walitoka hai.

Kila shirika huandika katika kitabu chake mazingira ambayo mhudumu anaruhusiwa kuanza kuwatoa abiria bila amri, na kwa kawaida huwa ni moto au moshi mzito usiodhibitika, ndege kuvunjika, kutua majini, au kutopata jibu lolote kutoka mbele. Mhudumu ajue mazingira hayo kwa moyo, na ajue pia sharti linaloambatana nayo: ndege iwe imesimama, na hali ya nje ya mlango iangaliwe kwanza, kwa kuwa mlango uliofunguliwa juu ya injini inayozunguka huua. Marubani wanaweza kuwa hawana uwezo tena wa kutoa amri. Katika ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria, marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 19 waliofariki, na watu 24 waliobaki hai walitoka bila uongozi wa Kapteni.

Hatua ya nane: mlinde mwenzako mbele ya abiria, hata abiria awe nani

Mhudumu akiripoti abiria mkorofi, Kapteni amsikilize yeye kwanza, kisha aamue. Akimgeuka mbele ya abiria, hakuna atakayetii maneno ya mhudumu huyo hadi mwisho wa safari. Mnamo tarehe 5 Desemba 2014, ndege ya Korean Air iliyokwisha anza kuondoka katika lango la uwanja wa John F. Kennedy, New York, ilirudishwa ili kumteremsha kiongozi wa wahudumu, kwa sababu makamu wa rais wa kampuni, aliyekuwa amesafiri kama abiria, alikasirishwa na namna alivyoandaliwa karanga za makadamia. Ndani ya ndege milango ikiwa imefungwa, cheo cha ofisini hakina mamlaka. Kapteni aliyewekwa katika mtihani huo azungumze moja kwa moja na kiongozi wake wa wahudumu kabla ya kugusa usukani.

Mambo madogo nayo yana hesabu. Mhudumu hupeleka chakula na vinywaji katika chumba cha marubani kwa sababu marubani hawapaswi kuondoka vitini bila sababu ya lazima, na aghalabu wawili hao hupewa vyakula tofauti ili wasidhurike kwa pamoja. Hiyo ni kazi ya usalama na ipokewe kwa ahsante. Kapteni anayedai chai abiria wakiwa bado wanapanda anamwondoa mhudumu mlangoni, ambako anatakiwa kuwatazama watu wanaoingia. Hotelini, kumpelekea Kapteni chai hakumo kabisa katika kazi ya mhudumu. Mlango wa ndege ukishafunguliwa abiria wateremke, Kapteni hana amri juu ya muda wa mhudumu, chumba chake wala nani atakula naye, na anayetumia mistari ya begani kulazimisha ukaribu aripotiwe kama mfanyakazi mwingine yeyote anayewanyanyasa wenzake.

Hatua ya tisa: malizeni safari kwa mazungumzo, kisha kwa maandishi

Ikiwa kulitokea jambo, wote wakutane kabla ya kutawanyika, japo kwa dakika tano wakiwa kwenye basi la wafanyakazi. Kapteni aanze kwa kueleza ni kipi angekifanya tofauti, kwa kuwa akianza na makosa ya wahudumu, hatasikia lolote la kwake. Kisha kila mmoja aandike alichokiona mwenyewe, kwa saa ya kimataifa, bila kulinganisha maneno ili hadithi zifanane. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya 376/2014 inampa mfanyakazi saa 72 kuripoti tukio linalopaswa kuripotiwa. Kwingineko tazama kitabu cha shirika lako na kanuni za mamlaka ya anga ya nchi yako. Kapteni akimwomba mhudumu asiandike, mhudumu aandike, na aongeze katika ripoti hiyo kwamba aliombwa asiandike, na nani, saa ngapi.